Kutoa Kifuko cha Nyongo: Upasuaji wa Siku Moja

Jambo likiharibika, Waswahili husema limetumbukia nyongo. Kwa hakika, kifuko cha nyongo kikipasuka mnyama anapochunwa, nyama huwa chungu. Daktari mpasuaji naye hukitoa kifuko chenye vijiwe kwa tahadhari iyo hiyo. Mnamo 1985, Erich Mühe wa Ujerumani alikitoa kupitia matundu madogo badala ya mkato mrefu. Siku hizi aghalabu matundu manne hutosha: tumbo hujazwa gesi, kamera humwongoza daktari, mrija na mshipa wa damu hubanwa, kisha hukatwa. Ini huendelea kutengeneza nyongo, ambayo hutiririka moja kwa moja hadi utumboni. Mgonjwa asiye na matatizo mengine huweza kurejea nyumbani jioni. Hata hivyo, kuruhusiwa si kupona: sharti awepo wa kumwangalia, kwani homa, macho ya manjano au maumivu yanayozidi ni dalili za kumrejesha hospitalini mara moja.