Shaba ya milango ya kale yamezwa na mizani ya chuma chakavu

Ukarabati wa milango ya nakshi na shaba zake bado una mafundi Tabora, ila kipato ni cha kubahatisha. Wengi wanaishi kwa samani mpya za mninga. Kazi ya urithi huja mara mojamoja, tena uharibifu ukiwa umekwisha kutokea.

Fundi mmoja mkongwe anasema kinachomuumiza ni mizani ya chuma chakavu. Njumu, yaani misumari ya shaba ya mlango, ikishang'olewa, analalamika, hupimwa kwa kilo pamoja na koki mbovu, na mwenye nyumba hulipwa papo hapo. Mlango ukimfikia baadaye, hana budi kutafuta misumari ya shaba Zanzibar. Mteja akisikia bei, huomba ya chuma iliyopakwa rangi ya dhahabu. Chuma hicho kikipata unyevu hushika kutu, huvimba na kupasua ubao. Anawalaumu pia wanaosugua shaba kwa ndimu na majivu kila sikukuu: asidi hula zinki iliyomo ndani yake, majivu hukwaruza, na urembo wa kichwa cha msumari hufutika. Yeye huosha kwa maji na sabuni laini, hukausha vizuri, kisha hupaka nta ya nyuki kidogo na kung'arisha kwa kitambaa. Nta hiyo haiagizwi mbali. Inatoka misitu ya miombo ya mkoa huohuo.

Ofisa mmoja anasisitiza kuwa milango iko salama, kwa kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya 1940. Kwenye karatasi ni kweli. Lakini nani anakagua gunia la chakavu? Njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji, Kwihara ya hapa Tabora ikiwemo, nayo iliingia orodha ya awali ya urithi wa dunia mwaka 2006. Fundi wetu anasema orodha hiyo haijamletea kazi hata moja.

Shaba si ngeni Tabora. Misafara ilipitisha masango, nyaya zilizotumika kama fedha, na mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, karakana ya reli mjini hapa iligonga sarafu za shaba za heller 20 za utawala wa Kijerumani.

Huenda reli ya kisasa ikaleta watalii na wateja, ingawa hakuna anayethubutu kuahidi. Kwa sasa, mwenye mlango wa kale asiuze njumu hata moja kabla ya kuuliza bei ya kuirudisha.