Tamari alikataa, lakini nani alimfunza Amnoni?

Kuna sura katika Biblia ambazo hazisikiki mimbarini mwaka mzima. Mojawapo ni ya 13 katika kitabu cha pili cha Samweli. Wahubiri wengi hutoka kwa Daudi na Bathsheba wakaruka moja kwa moja hadi uasi wa Absalomu, kana kwamba hapo katikati hapakutokea kitu. Leo ukitoka ibadani, ifungue uisome polepole. Ikiwa una kijana wa miaka 13 au zaidi nyumbani, isomeni pamoja.

Amnoni, mzaliwa wa kwanza wa Daudi, anamtamani Tamari, dada yake wa baba mmoja, mpaka anakonda. Binamu yake Yonadabu, ambaye ndiye rafiki yake, anampa mbinu: jilaze kitandani, jifanye mgonjwa, kisha mwombe mfalme amtume Tamari aje akupikie. Mfalme anamtuma bintiye. Msichana anakanda unga na kuoka mikate mgonjwa akimtazama. Kisha Amnoni anaamuru watu wote watoke nje.

Sasa mtazame Tamari vizuri. Hakuwa anazurura usiku. Alivaa vazi refu walilovaa mabinti wa mfalme. Alikuwa ametumwa na babake, katika nyumba ya kakake, kumhudumia mgonjwa. Aliposhikwa alikataa kwa maneno yasiyo na utata. Alimkumbusha Amnoni kwamba jambo kama hilo halifanywi katika Israeli. Alimweleza litakalompata yeye, na litakalompata Amnoni mwenyewe. Hata alimwambia azungumze na mfalme. Kila tunachowaambia mabinti zetu kwenye semina za vijana, huyu alikifanya. Amnoni alimshinda nguvu tu, kisha akamchukia, akaagiza atolewe nje na mlango ufungwe nyuma yake.

Nimeanza na Tamari kwa sababu mjadala wetu kuhusu elimu ya ngono shuleni huwa hauna nafasi yake. Mnamo Desemba 2013 mawaziri wa elimu na afya wa mataifa ya mashariki na kusini mwa Afrika, Kenya ikiwemo, walikutana Cape Town wakaahidi kupanua elimu hiyo. Tangu hapo, neno hilo likitajwa tu, kanisa husimama mlangoni na kuuzuia. Hofu hiyo naielewa, na kwa sehemu ni yangu pia. Mzazi ana haki ya kujua mtoto wake wa miaka 10 anaambiwa nini, na anaambiwa na nani. Mjadala kuhusu kondomu na tembe za kupanga uzazi haujaisha, na sitaumaliza mimi katika safu hii.

Lakini ndani ya elimu hiyo kuna sehemu ambayo haigusi kondomu hata kidogo. Ni ile inayomfunza kijana kutambua uhusiano wenye hatari: mpenzi anayetaka kukagua simu yako kila jioni, anayekutenga na marafiki na dada zako, anayekutumia pesa leo na kudai malipo kesho, anayesema atajiua au atakuua ukimwacha, anayetishia kusambaza picha zako. Inafunza kwamba wivu wa namna hiyo si kipimo cha upendo. Tumeitupa sehemu hiyo pamoja na mengine tuliyoyakataa, ngano na makapi kwa pamoja.

Gharama yake tunaijua. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa umri wa kati ya miaka 15 na 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa tangu wafikishe miaka 15. Asilimia 13 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Wanaume nao wamo: asilimia 27 na asilimia 7. Hesabu watu katika benchi ulilokalia asubuhi hii.

Na kama unadhani haya ni mambo ya wasiokwenda kanisani, kumbuka Jumapili ya Septemba 1, 2024. Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris, alishambuliwa nyumbani kwake Trans Nzoia. Taarifa za siku hizo zilieleza kwamba alikuwa ametoka kanisani na mabinti zake. Mwanamume aliyewahi kuwa mpenzi wake alimmwagia petroli na kumwasha moto. Alifariki siku nne baadaye hospitalini Eldoret. Miaka mitatu kabla yake tulimzika Agnes Tirop, aliyekutwa ameuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021.

Je, kufunza husaidia? Mwaka 2014 jarida la kitabibu la Pediatrics lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wasichana karibu 2,000 wa shule za upili katika mitaa ya mabanda jijini Nairobi. Baadhi yao walifunzwa kutambua hatari mapema, kutumia sauti yao, kujikinga kwa mwili pale maneno yanaposhindwa, na kumwambia mtu. Miezi kadhaa baadaye, zaidi ya nusu ya waliofunzwa walisema wametumia ujuzi huo kuzuia shambulio. Mashambulio ya kingono dhidi yao yalipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Soma tena hiyo nusu, maana ina pande mbili. Ni habari njema kwamba walijiokoa. Lakini pia ni kusema kwamba zaidi ya nusu ya wasichana hao, katika muda usiotimia mwaka, walikabiliwa na jambo la kujiokoa nalo.

Hata hivyo mafunzo kwa wasichana pekee hayatoshi, na hapa ndipo sura ya 13 inapotubana. Tamari alijua la kufanya. Asiyefunzwa alikuwa Amnoni. Nyumba ile ilikuwa na makuhani na manabii karibu, lakini kijana alikua akiamini kwamba anachokitamani ni chake. Rafiki yake, badala ya kumwambia aache, alimpangia mtego.

Wavulana wetu wanafunzwa pia, usidhani hawafunzwi. Wanafunzwa mitandaoni na vijiweni kwamba msichana akisema hapana huwa anajivuna tu. Kwamba ukimtumia nauli au ukamnunulia chipsi, kuna deni. Utani wa "kula nauli" unatuchekesha sote, lakini msikilize mvulana wa kidato cha pili akiueleza, uone kama anacheka. Mwanabodaboda anayembeba mwanafunzi bure muhula mzima naye anaweka hesabu yake. Nani kanisani amewahi kumkalisha mvulana chini akamwambia kwamba zawadi haizai deni la mwili? Na nani amemwambia rafiki wa huyo mvulana kwamba Yonadabu naye ana hatia?

Hatuna haja ya kusubiri wizara. Shule nyingi za umma nchini zina makanisa kama wadhamini, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mdhamini nafasi katika malezi ya kiroho ya wanafunzi. Kwenye ratiba kuna kipindi cha PPI kila wiki, ambacho ni chetu kabisa. Katika shule nyingine hutumiwa kuimba mapambio, au mwalimu wa hisabati hukichukua akamalizie silabasi. Kipindi kimoja kwa mwezi kingetosha kuanza, wavulana na wasichana, kwa lugha inayolingana na umri wao, wazazi wakionyeshwa kitakachofunzwa.

Tukianza, tutarajie jambo moja: watoto watasema. Mmoja atabaki baada ya kipindi na kumtaja mjomba, mwalimu, au hata mtu anayekusanya sadaka. Hapo ndipo tutajua kama sisi ni bora kuliko nyumba ya Daudi. Absalomu alimwambia dadake anyamaze, kwa kuwa aliyemtenda ni ndugu. Daudi alikasirika sana, na Maandiko hayaonyeshi alilofanya zaidi ya kukasirika. Tamari alikaa mpweke nyumbani kwa kakake, na baada ya miaka miwili Absalomu akamuua Amnoni. (Baadaye Absalomu alimpa bintiye jina la Tamari. Huwa najiuliza shangazi alijisikiaje akiitwa mtoto huyo.)

Kwa hiyo mchungaji, padri, mzee wa kanisa, mama wa Jumuiya: mambo haya yajulikane kabla ya kipindi cha kwanza. Mtoto apelekwe hospitali ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya HIV hazifai baada ya hapo. Asioge kwanza, na nguo alizovaa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inasema matibabu katika hospitali ya umma ni ya bure. Sheria hiyo hiyo haiwapi wazazi, chifu wala baraza la wazee mamlaka ya kufuta kesi kwa mbuzi na bahasha. Uamuzi wa kuisimamisha uko kwa mkuu wa mashtaka ya serikali. Simu ya bure ya watoto ni 116, na ya ukatili wa kijinsia ni 1195. Ziandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kanisa, pale karibu na orodha ya waliotoa ahadi za ujenzi, ambapo kila mtu husoma.