Nondo wa karanga: kwa nini wanasayansi wanabishania jina lake

Kwanza ni madoa madogo ya kahawia katikati ya jani. Siku chache baadaye majani yanajikunja, yanashikamana kwa nyuzi nyembamba, na shamba la karanga au soja linaonekana kama limepitiwa na moto. Anayefanya hivyo ni kiwavi wa nondo mdogo sana, wa rangi ya kijivu na kahawia.

Akitoka kwenye yai, kiwavi huyo huingia ndani ya jani na kula nyama yake kati ya ngozi ya juu na ya chini. Akikua, hutoka, huunganisha majani kwa hariri yake na kuendelea kula akiwa amejificha. Ndiyo maana dawa ya kupulizia mara nyingi haimfikii.

Katika Afrika, nondo huyu aliripotiwa mara ya kwanza nchini Uganda mwaka wa 1998. Baadaye alionekana pia hapa DRC, Malawi, Msumbiji na Afrika Kusini. Kwa kuwa alifanana na mdudu anayesumbua wakulima wa India kwa miaka mingi, alipewa jina lilelile: Aproaerema modicella.

Lakini mwaka wa 2012 watafiti wa Afrika Kusini walichunguza vinasaba vyake, yaani ADN. Matokeo yalimweka pamoja na Aproaerema simplexella, nondo wa soja wa Australia. Basi swali likazuka: mgeni huyu ametoka wapi, na je, majina hayo mawili ni ya wadudu wawili kweli?

Kwa mkulima, hilo si swali la vitabuni tu. Nyigu wadogo wanaoua viwavi hutafutwa kule mdudu alikotoka. Mitego ya harufu hutumia harufu ya nondo jike, nayo hutofautiana kati ya spishi na spishi. Ukikosea jina, unaweza kuagiza dawa au mtego wa mdudu mwingine.

Zamani wataalamu walitegemea zaidi rangi na mabawa. Tatizo ni kwamba nondo hawa wana urefu wa milimita chache tu, na unga wa mabawa yao hupukutika upesi. Kwa hiyo hukatwa tumbo, likalowekwa kwenye potasi ili mafuta yatoke, kisha viungo vya uzazi vikatazamwa kwa hadubini. Spishi mbili zinazofanana kwa nje mara nyingi hutofautiana hapo.

ADN ina faida yake. Mwaka wa 2003, Paul Hebert wa Chuo Kikuu cha Guelph, Canada, na wenzake walipendekeza kipande kifupi cha jeni moja kitumike kutambua wanyama. Mguu mmoja wa nondo unatosha, na hata kiwavi ambaye bado hajaota mabawa anaweza kutambuliwa.

Hata hivyo, jeni hiyo hurithiwa kwa mama peke yake. Bakteria kama Wolbachia, wanaoishi ndani ya wadudu wengi, wanaweza kueneza ukoo wa mama mmoja na kuvuruga picha. Ndiyo sababu hadubini haijatupwa: ushahidi mmoja hukagua mwingine.

Nondo wa nyanya anaonyesha hivyo vizuri. Edward Meyrick alimpa jina mwaka wa 1917 kutokana na nondo wa Peru, na tangu hapo amehamishwa kutoka kundi moja hadi jingine. Wengi wanamjua kama Tuta absoluta. Mwaka wa 2021, uchunguzi wa maumbile yake ulimrudisha kwenye jenasi Phthorimaea, alimowekwa mwanzoni. Vinasaba navyo vilikuwa vimejibu swali tofauti mwaka wa 2015: waliovamia nchi za Mediterania walitoka eneo la kati la Chile.

Kwetu, kazi inaweza kuanzia shambani. Ukiona majani yaliyojikunja, yafungue taratibu. Ukimkuta kiwavi, mtie katika chupa ndogo yenye alkoli kali, andika tarehe, kijiji na aina ya mmea, kisha umpelekee agronome wa eneo lako. Bila mahali na tarehe, chupa hiyo haitamfaa sana mtafiti, hata akiwa na mashine bora ya ADN.