Mshahara Umepita Kiwango, Karo Bado Inasubiri

Kila barua za kujiunga na vyuo zinapotoka, kuna wazazi ambao hunyamaza. Si matajiri, si maskini. Ni mwalimu aliyeoa muuguzi, ni fundi mwenye karakana inayotembea vizuri. Kwa majirani hao wana pesa. Kwa mfumo wa ufadhili wa vyuo ulioanza 2023 pia wana pesa: mapato ya familia yakipita shilingi 120,000 kwa mwezi, mwanafunzi huwekwa bendi ya 5, ile ya juu kabisa.

Sasa hebu tuipige hesabu hiyo pesa nyingi. Mtu mmoja akilipwa 125,000, SHIF inachukua asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, halafu kuna NSSF, na PAYE ndiyo inayouma zaidi. Kinachofika benki ni chini ya 90,000, hata kabla ya Sacco kukata chake. Hapo kuna kodi ya nyumba, kuna mdogo wake aliye sekondari, kuna nyanya kijijini anayesubiri dawa. Halafu unaambiwa unajiweza.

Lakini kuna jambo ambalo tungependa kila mzazi wa aina hii alijue: bendi ya 5 haimaanishi kukosa kila kitu. Kwa mwanafunzi aliyepelekwa chuo cha umma na KUCCPS, viwango vilivyotangazwa ni asilimia 30 ufadhili usiolipwa, asilimia 30 mkopo wa HELB, na asilimia 40 mfuko wa familia. Wapo wanaosema, "Sisi hatuwezi kupewa," na hawaombi kabisa. Basi wanaishia kubeba asilimia 100 peke yao. Omba. (Aliyepelekwa chuo cha kibinafsi hapati ule ufadhili, ila mkopo anaweza kuuomba.) Mfumo wenyewe umepingwa mahakamani na viwango vinaweza kubadilika, kwa hivyo fuata kile kinachosema barua ya mtoto wako, si kile alichopata binamu yake mwaka juzi.

Na kama bendi hailingani na hali yenu, kata rufaa kwenye portali ile ile ya HEF. Kazi imeisha, kuna mgonjwa nyumbani, watoto wawili wako chuoni kwa pamoja: hayo yaelezwe na yaambatanishwe na karatasi. Kulalamika kwa WhatsApp ya wazazi hakuhesabiki.

Tuchukue mfano wa kozi ya 240,000 kwa mwaka. Ufadhili ni 72,000, mkopo 72,000, nyinyi 96,000. Ule mkopo uko kwa jina la kijana, si lako. Kwa miaka minne utafika 288,000, bila pesa ya matumizi inayokuja kando. Riba ni asilimia 4 kwa mwaka, na kulipa kunaanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Kwa maoni yetu huo ni mkopo wa bei nafuu. Sacco nyingi hutoza karibu asilimia 1 kwa mwezi. Ila kaeni chini na kijana mkubaliane mapema: atalipa peke yake akipata kazi, ama mtasaidiana? Nyumba nyingi hukwepa mazungumzo haya, na deni linakuja kujulikana makato yanapoanza kwenye mshahara wa kwanza.

Zile 96,000 zikigawanywa kwa miezi kumi na miwili ni 8,000. Si kidogo, lakini zinashikika kuliko 48,000 za muhula zikidaiwa kwa siku moja. Kati ya KCSE ya Novemba na chuo kufunguliwa Agosti au Septemba kuna kama miezi tisa. Ukianza kuweka mara tu mtihani ukiisha, utakuwa na 72,000: muhula wa kwanza na nusu ya wa pili. Ziweke mahali pasipo rahisi kuzigusa, kwa akiba ya kufungwa au hisa za Sacco, si kwenye salio unalonunulia unga.

Mkopo wa simu wa siku 30 usiufanye karo. Tunasema hivyo tukijua mikopo ni sehemu ya biashara hii yetu. Karo ni ya miaka minne. Siku 30 zitakukuta na muhula mwingine.

Wakati wa kulipa, tumia Paybill iliyoandikwa kwenye barua ya chuo, na kwa akaunti uweke nambari ya usajili ya mwanafunzi. Jina likitokea kwenye skrini, lisome kabla ya kuweka PIN. Mtu akikupigia akisema ni wa HELB, anataka "kitu kidogo" kwa nambari yake ili aharakishe ombi, kata simu. Ukishalipa, hifadhi ujumbe mpaka malipo yaonekane kwenye taarifa ya karo ya mwanafunzi. Siku mbili zikipita bila kuonekana, nendeni ofisi ya fedha ya chuo na ile nambari ya muamala. Ndiyo watakayouliza kwanza.