Mpango na Utangulizi wa Filamu za Kale katika Televisheni ya Marekani

Watu wengi hudhani kuwa kazi ya kituo cha televisheni kionyeshacho filamu za kale ni kazi nyepesi. Filamu zimekwisha kutengenezwa, waliozitengeneza wengi wao wamekwisha kufa, na lililobaki ni kuzitoa ghalani na kuzionyesha moja baada ya nyingine. Dhana hiyo si kweli. Filamu ya kale, kama shairi la kale, haijielezi yenyewe kwa mtu aliyezaliwa baada ya zama zake. Yahitaji mtu wa kuichagua, wa kuiweka mahali panapoifaa, na wa kuitangulia kwa maneno machache kabla haijaanza. Makala haya yaeleza jinsi kazi hizo tatu zifanywavyo na kituo cha Turner Classic Movies cha Marekani, na kwa nini kila moja ni namna ya ufafanuzi, japokuwa aghalabu haihesabiwi hivyo.

Yafaa kwanza kutaja asili ya hazina yenyewe. Mwaka 1986 Ted Turner, mwenye vituo vya televisheni katika mji wa Atlanta, alinunua kampuni ya MGM/UA. Deni lilimlemea, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amekwisha kuuza sehemu kubwa ya mali ile. Lakini maktaba ya filamu hakuiuza. Akabaki na filamu zaidi ya 3,000: za MGM, za Warner Bros. zilizotengenezwa kabla ya 1950, na haki za kuonyesha nyingi za RKO. Mwanzoni hazina hiyo haikupata heshima iliyostahili. Turner aliamuru filamu kadha wa kadha za nyeusi na nyeupe zitiwe rangi kwa mitambo, hata Casablanca ya 1942 haikusalimika. Waongozaji wa filamu walipiga kelele, miongoni mwao John Huston, ambaye aliiona kazi yake mwenyewe ikipakwa rangi akingali hai. Mwaka 1988 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuhifadhi filamu, na kuanzisha daftari la taifa liingizwalo filamu 25 kila mwaka. La ajabu ni kuwa mtu yule yule aliyelaumiwa kwa kuharibu filamu ndiye aliyeanzisha kituo kilichokuja kuwa mlinzi wake mkubwa. Kituo kilifunguliwa 14 Aprili 1994, siku ilipotimia miaka 100 tangu mashine ya Kinetoscope ya Edison ilipoanza kuonyeshwa kwa malipo katika New York. Filamu ya kwanza ilikuwa Gone with the Wind ya 1939, na juu yake patasemwa zaidi.

Kituo kilijifunga kwa masharti ambayo kimeyashika hata sasa. Filamu haikatwi katikati kwa matangazo ya biashara. Haifupishwi ili itoshee saa. Iliyotengenezwa kwa nyeusi na nyeupe yaonyeshwa hivyo hivyo. Tena, umbo la picha halibadilishwi. Sharti hili la mwisho laonekana dogo, walakini lina uzito. Kuanzia 1953, studio za Hollywood zilipoogopa kuwa televisheni itawanyang'anya watazamaji, zilitengeneza picha pana mno, ambazo upana wake ulizidi kimo chake mara mbili na nusu. Kioo cha televisheni cha siku hizo kilikaribia mraba. Vituo vingine vilitatua tatizo hilo kwa kukata pande mbili za picha, hata karibu nusu yake ikapotea. Mtu aliyeitazama Seven Brides for Seven Brothers (1954) kwa njia hiyo aliahidiwa ndugu saba wakicheza ngoma, naye pengine akaona wanne. Turner Classic Movies walichagua kuacha mistari mieusi juu na chini, na ndugu wote saba wakaonekana. Uthabiti wa masharti haya wadhihirika ukilinganishwa na kituo kilichokitangulia, American Movie Classics, kilichoanza 1984 kwa nia ile ile: kufikia 2002 kilikuwa kimeingiza matangazo na filamu mpya, na kikawa kitu kingine kabisa.

Ama ratiba, siku ya kituo huanza saa 12 asubuhi kwa saa za mashariki ya Marekani. Mchana wote mara nyingi hufungwa kwa uzi mmoja: siku ya kuzaliwa ya mchezaji fulani, kazi za mwongozaji mmoja, au jambo dogo kama treni, magereza au mapacha. Saa 2 usiku uzi hubadilika, na hapo ndipo huwekwa filamu zinazotarajiwa kupata watazamaji wengi. Kila mwezi mchezaji mmoja huteuliwa na kupewa usiku mmoja katika kila juma. Usiku wa Jumapili una zamu ya filamu bubu, na baada yake filamu za nchi nyingine. Na tangu 2017 filamu za uhalifu na giza za miaka ya 1940 na 1950 zina zamu yake mwishoni mwa juma, chini ya Eddie Muller. Kila mwaka kuna msimu wa filamu zilizohusika na tuzo za Oscar, na kila Agosti, tangu 2003, kila siku hupewa mchezaji mmoja kwa saa zote 24.

Msimu wa Oscar, kwa hakika, ndio dhaifu kuliko yote. Filamu zilizopata tuzo zajulikana tayari, na wapangaji hulazimika kubuni hila za kuzichangamsha: mwaka mmoja kwa mfuatano wa alfabeti, mwaka mwingine kwa mnyororo ambao kila filamu ina mchezaji aliyekuwamo katika ile iliyoitangulia. Agosti ina faida zaidi. Mchezaji anapopewa saa 24, filamu zake zilizo maarufu hazitoshi kuijaza siku, na mpangaji hana budi kuonyesha zile ambazo hakuna aliyeziulizia. Huko ndiko mtazamaji aonako jinsi mtu alivyojifunza kazi yake: namna alivyoshika kofia bila kujua aifanyie nini katika 1931, na alivyokuwa miaka kumi baadaye.

Lakini ustadi mkubwa wa ratiba umo katika ujirani. Chukua Red Dust ya 1932, ambamo Clark Gable ni msimamizi wa shamba la mpira katika Indochina, naye avutwa na wanawake wawili, mmoja wa mtaani na mmoja mke wa mtu. Miaka 21 baadaye MGM walikirudia kisa hicho katika Mogambo (1953), kilichoongozwa na John Ford, na shamba la mpira likawa kambi ya wanyama katika Afrika ya Mashariki. Gable ni yule yule, nywele zimekuwa na mvi. Wanawake wamebadilika: badala ya Jean Harlow na Mary Astor wamekuja Ava Gardner na Grace Kelly. Filamu hizi mbili zikiwekwa usiku mmoja, moja nyuma ya nyingine, mtazamaji huona bila kuambiwa kuwa kanuni za maadili za Hollywood, zilizokazwa 1934, zilibadili hata kile ambacho mchezaji aliruhusiwa kukisema kwa macho. Filamu mojamoja haisemi hayo. Ujirani ndio usemao, na ujirani huo ni kazi ya mpangaji.

Mpangaji huyo si huru kabisa. Filamu zilizo nje ya maktaba ya Turner, mathalan za Paramount, Universal au Columbia, hukodiwa kwa muda maalum, na muda ukipita haziwezi kuonyeshwa. Tena filamu hazilingani kwa urefu; nafasi ibakiayo kati ya moja na nyingine hujazwa kwa filamu fupi za zamani, nyingi zikiwa zimetengenezwa na studio hizo hizo kwa ajili ya kuzitangulia filamu ndefu katika majumba ya sinema. Hivyo hata kijazio kina asili yake.

Baada ya ratiba yafuata maneno. Tangu siku ya kwanza hata alipofariki Machi 2017, mtangazaji mkuu alikuwa Robert Osborne, mwandishi wa habari za sinema aliyepata kuwa mchezaji mdogo katika ujana wake. Mwenziwe, tangu 2003, ni Ben Mankiewicz, mjukuu wa Herman Mankiewicz aliyeandika Citizen Kane pamoja na Orson Welles. Desturi yao ni hii: mtangazaji hutokea kabla ya filamu, katika chumba kilichopambwa kama sebule, akazungumza kwa dakika chache, kisha hurudi filamu ikiisha, akaongeza maneno machache zaidi. Mgawanyo huo umefikiriwa vema. Kabla ya filamu hawezi kufichua mwisho wa kisa. Kwa hiyo hueleza ilivyotengenezwa, nani alikataa kuicheza, studio ilikuwa na hofu gani. Baada ya filamu mtazamaji na mtangazaji wanajua mamoja, na sasa yaweza kusemwa yaliyofichwa.

Faida yake yaonekana wazi katika The Magnificent Ambersons ya 1942. Welles alipokuwa Brazil, RKO waliikata filamu hiyo kwa zaidi ya dakika 40 na kumpa mtu mwingine apige mwisho mpya wenye furaha. Sehemu zilizokatwa ziliharibiwa. Asiyeambiwa hayo atamhesabia Welles mwisho ambao hakuutaka. Aliyeambiwa huitazama filamu kama mtu asomaye hati iliyoliwa na mchwa, akijua palipo na matundu.

Wasomaji wa Kiswahili hawahitaji kwenda mbali ili kulitambua jambo hili. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yaliyotufikia yaliokolewa kwa sehemu kubwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye hakutosheka kuyakumbuka; alimweleza W. E. Taylor pia mambo yaliyosababisha mengi yao. Hichens alipochapisha diwani ile 1940, maelezo hayo ndiyo yaliyoufanya ugomvi wa Mombasa na Lamu ueleweke ndani ya beti zake. Tofauti ni kuwa Sikujua alikuwa mwenyeji wa mambo aliyoyaeleza. Mtangazaji wa televisheni ni mwenyeji wa Hollywood, na upungufu wake huanzia pale ambapo filamu yatoka nje ya Hollywood, au yawahusu watu ambao Hollywood haikuwasikiliza.

Hapa yatupasa kurudi kwenye Gone with the Wind. Filamu hiyo yaonyesha utumwa wa Georgia kama maisha ya upole yaliyoharibiwa na vita. Ilipofunguliwa katika Atlanta Desemba 1939, Hattie McDaniel aliyecheza humo hakuweza kuhudhuria, kwa sababu ya sheria za ubaguzi za jimbo hilo. Na Februari 1940, alipokuwa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kupata Oscar, aliketishwa katika meza ya pembeni, mbali na wenziwe. Juni 2020, Marekani ilipotikiswa na maandamano dhidi ya kuuawa kwa George Floyd, huduma ya HBO Max, iliyokuwa mali ya kampuni ile ile iliyomiliki Turner Classic Movies, iliiondoa filamu hiyo, kisha ikairudisha mwezi huo huo ikiwa na utangulizi wa Jacqueline Stewart, profesa wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye tangu 2019 alikuwa mtangazaji wa filamu bubu katika kituo hicho. Filamu yenyewe haikukatwa hata kidogo. Machi 2021 kituo kikaendeleza njia hiyo kwa mfululizo uliowakutanisha watangazaji watano wakijadiliana juu ya filamu zenye mambo ya kuudhi. Miongoni mwake ilikuwamo tena Seven Brides for Seven Brothers, kwani ndugu wale saba huwateka wasichana na kuwaoa. Wako waliosema kuwa maelezo kama hayo ni kumfundisha mtazamaji adabu. Pingamizi hilo halina nguvu. Filamu hiyo ilizoea kutanguliwa na maneno hata kabla ya hapo: kwa miaka mingi maneno hayo yalisifu mavazi na moto wa Atlanta, na huo nao ulikuwa ufafanuzi.

Kwamba kazi hii hufanywa na watu, wala si na ghala, ilidhihirika Juni 2023, Warner Bros. Discovery walipowaachisha kazi wakuu wengi wa kituo, pamoja na Charlie Tabesh aliyesimamia upangaji wa filamu. Steven Spielberg, Martin Scorsese na Paul Thomas Anderson waliwaendea wakuu wa kampuni kukitetea kituo, na Tabesh akarudishwa. Filamu hazikuwa hatarini siku ile; zilikuwa zimehifadhiwa salama. Kilichokuwa hatarini ni ujuzi wa kujua ipi ikae karibu na ipi.

Limebaki jambo moja liwahusulo wataalamu wa lugha. Katika Hispania, Mogambo ilipotiwa sauti za Kihispania, wakaguzi hawakuruhusu mke wa mtu apende mwanamume mwingine. Mume na mke wakageuzwa kuwa kaka na dada, na matokeo yake yakawa aibu kubwa zaidi, kwa kuwa kaka na dada hao wanakaa kama mtu na mkewe. Hadithi hiyo yapendwa sana na wasimulizi wa sinema. Lakini jina la filamu yenyewe halijapata msimulizi wa namna hiyo. Husemwa mara kwa mara, hata katika vitabu, kuwa ni neno la Kiswahili lenye maana ya mapenzi makali. Wengine husema kuwa liligeuzwa kutoka Mocambo, jina la klabu ya usiku ya Hollywood. Kiswahili hakina neno mogambo. Lililo karibu nalo ni mgambo, yaani tangazo la mji litanguliwalo na pembe ya nyati, na ndani yake hamna mahaba yoyote.