Kemia ya mtihani imo ndani ya karai

Kila mwaka ifikapo Novemba, wanafunzi wa kidato cha nne huingia katika vyumba vya mtihani wa Taifa. Wiki chache kabla ya hapo mimi hupata wageni. Ni watoto wa ndugu na wa majirani, wanaokuja na madaftari kwapani kuniuliza swali moja: "Mjomba, kemia nianzie wapi?"

Aliyenifanya nizungumzie jambo hili leo ni kijana mmoja wa Ushetu, mkoani Shinyanga. Alinitajia kwa kichwa, bila kusitasita, kiwango cha joto ambacho zebaki huchemka: nyuzi 357 za Selsiasi. Nikampongeza. Kisha nikamwuliza likizo aliitumiaje. Akasema alikuwa akimsaidia shemeji yake kuchoma dhahabu, uani, kwenye karai juu ya jiko la mkaa. Furaha yangu ikaishia hapo. Jibu la mtihani alikuwa nalo kichwani, lakini hakujua kwamba jibu hilo hilo lilikuwa likiingia puani mwake.

Huo ndio ugonjwa wa kukariri. Mwanafunzi hubeba kemia kama mzigo wa mtu mwingine, akautua chumba cha mtihani na kuondoka mikono mitupu. Mara nyingi hata kuutua kwenyewe humshinda, kwa sababu mtungaji akigeuza swali kidogo tu, aliyekariri hupotea. Kwa hiyo leo nataka tupitie mada kubwa za somo hili kwa kutumia kitu ambacho kila mtu wa Kahama na Geita anakifahamu, nacho ni dhahabu.

Tuanze na atomu na jedwali la elementi, maana huo ndio msingi wa nyumba. Dhahabu ina protoni 79, zebaki ina 80. Ni majirani wa ukuta mmoja. Tofauti ya protoni moja inatosha kuifanya moja iwe metali ngumu ya njano na nyingine kimiminika kinachoteleza mezani. Mwanafunzi akiona hilo, ataelewa kwa nini mwalimu anasisitiza namba ya atomu. Basi azishike elementi 20 za mwanzo, ajue elektroni zake zinavyopangwa, na mada ya muungano wa kikemia itamfungukia.

Mada ya pili ni njia za kutenganisha vitu. Mchimbaji mdogo husaga mawe kwenye karasha, akaosha mchanga, kisha akatia zebaki. Zebaki huishika dhahabu, vikawa donge moja. Donge likipashwa moto, zebaki hugeuka mvuke na dhahabu hubaki, kwa kuwa dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzi 1,064. Hapa mtihani unauliza: mvuke umekwenda wapi? Mchomaji wa karai huuvuta, na watoto wanaocheza uani huuvuta pia. Zebaki huharibu ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na mtoto aliye tumboni hayuko salama. Nyingine hutua kwenye udongo na maji, ikaingia katika samaki. Wajapani wa mji wa Minamata walilijua hilo kwa machungu. Zebaki iliyotupwa na kiwanda ilipita katika samaki ikawafikia watu, na ugonjwa wao ukatambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa dunia wa kupunguza matumizi ya zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, unaitwa kwa jina la mji huo, na Tanzania imo ndani yake.

Dawa yake imo katika daftari la kidato cha kwanza, nayo ni kukeneka. Donge huwekwa ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba linalopozwa kwa maji. Mvuke hupita bombani, ukapoa na kudondoka kama zebaki tena, nayo hutumika upya. Hata hivyo, chombo hicho nacho kitumike nje, mbali na watu.

Mada ya tatu, inayowatoa jasho wengi, ni mole. Wengi huiogopa kwa sababu wanaanza na kanuni kabla ya maana. Mole ni hesabu ya wingi tu, kama tunavyosema dazeni. Mole moja ya dhahabu ina uzito wa gramu 197. Sasa twende kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, ambao huchenjuliwa tena kwa sianidi. Kila mole moja ya dhahabu huhitaji mole mbili za sianidi ya sodiamu. Sodiamu ni 23, kaboni 12, naitrojeni 14, jumla 49. Mole mbili ni gramu 98. Kwa hiyo gramu 197 za dhahabu zinahitaji gramu 98 za sianidi, yaani gramu moja kwa takriban nusu gramu. Mbona basi wachenjuaji hutumia nyingi zaidi? Kwa sababu mchanga una shaba, chuma na vitu vingine ambavyo navyo hula sianidi. Mwanafunzi anayeweza kueleza hivyo ameelewa mole.

Mada ya nne ni asidi na besi. Wachenjuaji humwaga chokaa katika matangi ya sianidi. Wengine hufanya hivyo kwa mazoea tu, lakini sababu ni kubwa. Maji yakipoteza ubesi na kuelekea kwenye asidi, sianidi hushika haidrojeni na kuwa gesi inayoua kwa dakika chache. Chokaa huweka pH juu ya 10, gesi isitoke. Ndiyo maana asidi na sianidi havihifadhiwi stoo moja. Mwanafunzi anayeona kipimo cha pH ni namba za kukariri, na akumbuke tangi hilo.

Mwisho ni oksidisho na mpangilio wa metali kwa ukali. Katika tangi, oksijeni ya hewani huchukua elektroni za dhahabu, ndipo dhahabu iyeyuke katika sianidi. Kuirudisha, njia mojawapo ni kutia zinki. Zinki ni kali kuliko dhahabu, hivyo hutoa elektroni zake na kuisukuma dhahabu nje.

Nawasikia wengine wakisema: mtihani unaandikwa kwa Kiingereza, wewe unatufundisha kwa Kiswahili. Ni kweli. Ushauri wangu ni kwamba kijana aelewe kwanza kwa lugha anayoiota, kisha aandike maelezo yale yale kwa Kiingereza, mara mbili au tatu, mpaka kalamu izoee. Afanye pia maswali ya miaka iliyopita kwa kutazama saa, na asahihishiwe. Asiyefahamu kitu akakiandika kwa Kiingereza, bado hakifahamu.

Kijana wangu alichora kile chombo cha kukeneka mara mbili. Mchoro wa kwanza aliuweka daftarini, majina yote kwa Kiingereza, tayari kwa mtihani. Wa pili aliuchora kwenye karatasi kubwa, majina kwa Kiswahili, akaukunja kumpelekea shemeji yake.

Wazazi wenzangu, tunapowauliza watoto wetu wamepata alama ngapi, tuwaulize pia wamejua nini. Na mzazi mwenye karai la kuchomea uani, aliondoe kabla mtoto hajarudi kutoka shule. Elimu ni taa, lakini haimfai aliyeifunika kwa pishi.