Mkono wa Injini na Kimo cha Nahodha

Nahodha wa mtumbwi wa injini katika Ziwa Victoria huketi tezini, mkono ukiwa nyuma. Mwendo unapozidi, omo huinuka na kumziba macho, hata nyavu au mtu aliye majini asionekane ila kwa karibu. Akisimama huku ameinama kuufuata mkono wa injini, mgongo humchoka na makini humpungua.

Kwa hiyo sisi askari wa majini twawashauri ndugu zetu wa mialoni waurefushe mkono huo kwa bomba jepesi, likazwe kwa kibano juu ya kishikio cha mafuta. Urefu ufaao ni ule unaomwezesha nahodha kusimama wima, kiganja kikiwa usawa wa kiwiko. Bomba lisiteleze, likizungushwa, kishikio nacho kizunguke. Kabla ya kung'oa nanga, geuzeni injini hadi mwisho pande zote mbili, mhakikishe kuwa bomba halikwami ubavuni, kisha mjaribu kuongeza na kupunguza mafuta.

Aliyesimama huona mbali, lakini huanguka upesi, na kitufe cha kuzimia injini sasa ki mbali naye. Basi kamba ya kuzimia injini ifungwe mkononi mwake, na jaketi la kuokolea livaliwe. Injini isipozimika, mtumbwi usio na mtu waweza kuzunguka na kumrudia aliyeanguka, rafadha ikiwa bado yakata maji. Asiye na kamba hiyo, na abaki ameketi.